Sauti Isiyochapika: Picha za Chapa ya Mawe za Waimbaji wa Opera katika Karne ya Kumi na Tisa

Maria Malibran alifariki mjini Manchester tarehe 23 Septemba 1836, akiwa na umri wa miaka 28. Mwezi Julai mwaka huo alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi na kuumia vibaya, lakini akaendelea kuimba mbele ya hadhira hadi mwili ulipomshinda. Mwezi uliofuata kifo chake, mshairi wa Kifaransa Alfred de Musset alichapisha shairi la kumwomboleza. Hoja kuu ya shairi hilo ni nyepesi kuieleza lakini ni ngumu kuikanusha: mchoraji akifa huacha turubai, mshairi huacha beti, mchongaji huacha marumaru, mwimbaji huondoka na sanaa yake yote, na kinachobaki ni msalaba tu.

Watafiti wa fasihi simulizi hawatakigeni kilio hiki. Wao wanajua vyema kwamba ngano iliyonukuliwa si ngano iliyotambwa, na kwamba kiimbo, kimya na mkono wa fanani hewani havimo katika maandishi. Opera ya karne ya kumi na tisa, ijapokuwa ilikuwa na matini ya maneno na ya muziki iliyoandikwa, iliishi katika utendaji vivyo hivyo. Watunzi wa Kiitaliano wa wakati huo walitunga kwa kupima koo la mwimbaji fulani, kama fundi cherehani anavyopima mabega ya mteja. Bellini alipotunga La sonnambula na Norma, opera zote mbili za mwaka 1831, alimtungia Giuditta Pasta. Aliyekuja kuimba baadaye alivaa nguo iliyokatiwa mwili wa mwingine.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo Musset alilisahau, au aliamua kulisahau kwa ajili ya shairi. Wakati anaandika, uso wa Malibran ulikuwa umekwisha kuchapwa kwa wingi na kuuzwa katika maduka ya picha. Karatasi hizo zilitolewa kwa mbinu ya litografia, yaani chapa ya mawe, na zilikuwa zimeenea mbali kuliko sauti yake ilivyowahi kufika. Makala haya yanazichunguza picha za namna hiyo, si kama mapambo ya historia ya muziki, bali kama matini zinazostahili macho ya mhakiki. Linalodaiwa ni kwamba picha ya chapa ya mawe haikuihifadhi sauti hata kidogo. Ilikuwa uhakiki wa mwimbaji uliofanywa kwa kalamu ya mafuta. Na kadiri miaka ilivyopita, uhakiki huo ulipata nguvu ya kumwamulia mwimbaji mwenyewe awe mtu wa namna gani.

Jiwe la mwanatamthilia

Aghalabu husahauliwa kwamba chapa ya mawe ilibuniwa na mwandishi wa tamthilia. Alois Senefelder alizaliwa Prague mwaka 1771, mwana wa mwigizaji aliyefanya kazi yake Munich. Baba alipofariki, kijana huyo aliacha masomo ya sheria, akajaribu kuishi kwa kuandika tamthilia, na akagundua haraka kwamba gharama za uchapaji humla mwandishi kabla msomaji hajamfikia. Akaanza kutafuta njia yake mwenyewe ya kuchapa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1818 alisimulia kwamba siku moja mama yake alitaka aandikiwe orodha ya nguo za kupelekwa kwa dobi. Karatasi haikuwapo, naye akaiandika juu ya jiwe kwa wino wenye nta. Kisa hicho huenda kimepambwa, kama visa vya wavumbuzi vilivyo, lakini msimuliaji ni mhusika mwenyewe. Kufikia 1798 alikuwa ameikamilisha mbinu yake. Na kazi ya kwanza aliyoiuza haikuwa tamthilia wala picha: ilikuwa nyimbo za Franz Gleissner, mwanamuziki wa jumba la mtawala wa Bavaria, zilizochapwa mwaka 1796.

Kwa hiyo tangu siku zake za kwanza chapa ya mawe ilikuwa mtoto wa jukwaa na wa muziki. Utaratibu wake unategemea jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba mafuta na maji havipatani. Jiwe la chokaa, hasa lile lililochimbwa Solnhofen katika Bavaria, husuguliwa hadi liwe laini. Mchoraji huchora juu yake kwa kalamu ya mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo, likaloweshwa maji, na wino wa mafuta ukapitishwa juu yake. Wino hushika palipochorwa na hukataa palipo na maji. Karatasi hulazwa, jiwe hupitishwa kwenye shinikizo, na picha ikawa tayari.

Umuhimu wa haya kwa mhakiki haumo katika kemia yake. Kabla ya hapo, picha ya mtu maarufu ilichongwa juu ya bamba la shaba na fundi aliyeinakili kazi ya mchoraji mwingine, kwa wiki au miezi. Mwimbaji aliyeshangiliwa mwezi Januari angeweza kuwa amekwisha kusahauliwa kabla uso wake haujatoka kwa mchongaji. Juu ya jiwe, mchoraji alichora kwa mkono wake mwenyewe, kwa wepesi wa kuchora juu ya karatasi, na jiwe moja lilitoa nakala nyingi bila kuchakaa upesi kama shaba. Kwa mara ya kwanza picha iliweza kwenda mwendo mmoja na msimu wa maonyesho. Godefroy Engelmann na Charles de Lasteyrie walifungua karakana zao Paris mwaka 1816. Miaka kumi baadaye, uso wa mwimbaji ulikuwa bidhaa ya kawaida katika mji huo.

Sifa nyingine ya jiwe ni kwamba lilinakili mwandiko jinsi ulivyo. Ndiyo maana mbinu hii hii ilipendwa huko Bombay kwa kuchapa maandishi ya hati ya Kiarabu, na ndiyo maana vitabu vya dini vilivyochapwa kwa mawe vilivuka bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki bila kupoteza sura ya mkono wa mwandishi. Katika Ulaya sifa hiyo ilitumiwa kwa namna nyingine: chini ya uso wa mwimbaji iliwekwa nakala ya sahihi yake, mara nyingine pamoja na vipande vya noti za muziki kwa mwandiko wake. Mnunuzi ambaye hakuwahi kuwa karibu na mwimbaji huyo alipata karatasi iliyoonekana kana kwamba imetiwa sahihi kwa ajili yake.

Lakini jiwe lina hila zake. Kinachochorwa juu yake hutoka kwenye karatasi kikiwa kimegeuzwa, kulia ikawa kushoto. Mchoraji aliyetaka uso uwe kama ulivyo alilazimika kuuchora kinyume, au kupitia karatasi ya kuhamishia. Asiyejali aliuza uso ule ambao mwimbaji aliuona katika kioo chake, wala si ule ulioonwa na hadhira.

Medea na Desdemona

Mwaka 1827 ilitolewa London kazi ya mchoraji John Hayter, mfululizo wa michoro ya chapa ya mawe iliyoambatana na maelezo ya maneno, ikimwonyesha Giuditta Pasta katika opera ya Medea iliyotungwa na Simone Mayr. Kazi hii inastahili nafasi ya pekee. Picha nyingi za waimbaji huonyesha mtu aliyetulia akichorwa. Hayter alijaribu jambo gumu zaidi, kuufuata utendaji wenyewe hatua kwa hatua, mkao baada ya mkao, huku maelezo yakimwambia msomaji ni pahali gani katika hadithi mkono unapoinuka au uso unapogeuka. Medea ni mama anayeazimia kuwaua wanawe ili kulipiza kisasi kwa mume aliyemsaliti, na uwezo wa Pasta ulioshangaza watu wa zama zake ulikuwa ule wa kuubeba mwili wake kati ya huruma na chuki, azimio likija na kurudi. Talma, mwigizaji mkuu wa tanzia wa Ufaransa, ambaye hakuwa mwimbaji, alimstahi kama mtu wa fani yake.

Mtafiti wa leo anayetaka kujua Pasta alifanya nini jukwaani hana budi kuanzia hapa. Hata hivyo, mfululizo huo unashuhudia pia upungufu wake. Pasta hakuwa na sauti safi. Stendhal, aliyemtolea sura nzima katika kitabu chake juu ya maisha ya Rossini kilichotoka na tarehe ya 1824, anaeleza waziwazi kwamba sauti yake haikuwa na rangi moja kutoka chini hadi juu, na kwamba baadhi ya sauti zake zilikuwa kama zimefunikwa kwa shela. Kisha anadai, na hili ndilo jambo la thamani katika uhakiki wake, kwamba Pasta aliugeuza upungufu huo kuwa chombo: alitumia mabadiliko ya rangi ya sauti kueleza mabadiliko ya moyo. Maneno ya Stendhal yanamwezesha msomaji kuisikia kasoro. Mchoro hauwezi. Juu ya jiwe, Pasta hana hata noti moja iliyofunikwa shela; ana mstari safi wa shingo, vazi la Kigiriki na macho makubwa. Picha ilimpa ukamilifu ambao sanaa yake haikuuhitaji, na ikanyamaza kuhusu upungufu ulioifanya sanaa hiyo iwe kubwa.

Hapa ndipo linapofaa kutajwa swali la Desdemona. Opera ya Rossini, Otello, iliyochezwa kwanza Naples mwaka 1816, inafikia kilele katika sehemu ya tatu, Desdemona anapoimba wimbo wa mti wa huzuni kwa kinubi kabla ya kuuawa na mumewe. Pasta aliuimba uhusika huu Paris mapema katika miaka ya 1820. Malibran akaufuata mwishoni mwa mwongo huo. Walichofanya hakikuwa kimoja. Desdemona wa Pasta alikikabili kifo kwa heshima ya sanamu ya kale. Desdemona wa Malibran alikikimbia: alizunguka jukwaa akitafuta mlango, kama mtu yeyote ambaye angeuawa chumbani mwake. Mgogoro wa hadhira uliofuata ulikuwa, kwa kweli, mgogoro wa kifasihi. Ulikuwa ni ule ule uliokuwa ukiwagawa wafuasi wa Ukale na wafuasi wa Ulimbwende katika tamthilia na ushairi, isipokuwa hapa ulipiganwa kwa miguu ya wanawake wawili.

Mchoraji Eugène Delacroix aliuchukua upande wa Pasta. Katika shajara yake ya Januari 1847, zaidi ya miaka kumi baada ya Malibran kufariki, anaeleza mazungumzo yake juu ya waimbaji hao na Manuel García, ndugu wa Malibran, na anamwona marehemu kuwa alitafuta uhalisia kupita kiasi bila kufikia uzuri wa kudumu. Inachekesha kidogo kwamba hukumu hiyo inatoka kwa Delacroix, kiongozi wa Ulimbwende katika uchoraji, ambaye michoro yake ya chapa ya mawe ya Faust ya mwaka 1828 ilionekana kwa wengi kuwa na fujo isiyovumilika. Yamkini mtu huweza kuwa mwanamapinduzi katika sanaa yake na mhafidhina katika sanaa ya jirani.

Je, tofauti hii inaonekana katika picha? Jibu la kweli ni kwamba inaonekana kwa shida. Alama za Desdemona zilizojulikana kwa wanunuzi zilikuwa nywele zilizofumuliwa, vazi jeupe na kinubi, na alama hizo zilimtosha yeyote. Wachoraji wa Paris waliokuwa mabingwa wa jiwe, kama vile Achille Devéria na Henri Grevedon, walikuwa na uso wao wa kike walioupenda: umbo la yai, macho mazito, mdomo mdogo, mabega yaliyoteremka. Grevedon hasa alijipatia riziki kwa kuchora wanawake warembo, wawe waimbaji, waigizaji au wasio na jina. Anayezipanga karatasi zake mezani hupata taabu kujua nani ni nani kabla ya kusoma jina lililo chini. Malibran aliyekimbia jukwaani hakuchapwa. Aliyechapwa ni Malibran aliyekaa. Kwa hiyo, katika mgogoro ule wa Desdemona, jiwe lilimpa Pasta ushindi ambao ukumbi haukuwa umempa.

Serikali za wakati huo hazikuichukulia picha kama jambo dogo. Sheria ya Ufaransa ya Septemba 1835 ilirudisha ukaguzi wa kabla ya kuchapishwa kwa michoro na litografia, na kwa maonyesho ya tamthilia, huku maandishi ya magazeti yakiachwa nje ya ukaguzi wa namna hiyo. Waliotunga sheria walikuwa wakiwaza vibonzo vya kisiasa vya akina Daumier, wala si nyuso za waimbaji. Lakini kuiweka picha na tamthilia katika kapu moja, mbali na neno lililochapwa, kunaonyesha jinsi mamlaka ilivyoelewa nguvu za vitu vinavyoingia kupitia machoni.

Vienna

Katika Vienna hali ilikuwa tofauti, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mtu mmoja. Josef Kriehuber, aliyeishi kutoka 1800 hadi 1876, alichora takriban picha 3,000 za chapa ya mawe: makaimu, majenerali, waigizaji, wapiga piano, na waimbaji wa opera wa mji huo kwa makumi. Kriehuber alikuwa na subira na nyuso. Wanawake wake hawafanani kama wa Grevedon. Pua ndefu hubaki ndefu, na mwimbaji mnene hubaki mnene. Karatasi yake ya mwaka 1846 inayomwonyesha Franz Liszt kwenye piano, akizungukwa na Berlioz, Czerny, mpiga fidla Ernst na Kriehuber mwenyewe, inajulikana sana. Kinachovutia humo ni nyuso za wanaosikiliza. Mchoraji alitambua kwamba njia pekee ya kuchora muziki ni kumchora msikilizaji.

Vienna ilikuwa na kisa chake cha zamani kuhusu kuona na kusikia. Tarehe 7 Mei 1824, simfonia ya tisa ya Beethoven ilipochezwa mara ya kwanza, waimbaji wawili wa kike walikuwa Henriette Sontag, mwenye umri wa miaka 18, na Caroline Unger, mwenye miaka 20. Mtunzi alikuwa kiziwi. Inasimuliwa kwamba Unger ndiye aliyemshika na kumgeuza aitazame hadhira, ili azione shangwe ambazo hakuweza kuzisikia. Wote wawili walichorwa mara nyingi juu ya jiwe katika miaka iliyofuata. Mnunuzi wa picha zao miji ya mbali, ambaye hakuwa na nauli wala tikiti, alisimama pahali pale pale aliposimama Beethoven: aliiona furaha ya muziki bila muziki.

Ulinganisho huo, hata hivyo, usisukumwe mbali mno. Picha nyingi hazikukaa kimya ukutani. Zilichapwa kwenye majalada ya nyimbo zilizouzwa kwa ajili ya piano za nyumbani. John Brandard wa London alijulikana hasa kwa majalada ya namna hiyo. Binti wa daktari au wa mfanyabiashara aliyeinunua aria aliuweka uso wa mwimbaji mbele yake, juu ya piano, akaimba maneno yale yale kwa koo lake mwenyewe. Wahakiki wanaoziita picha hizi bubu hawajazingatia matumizi yake. Zilikuwa nyuso zilizoazimwa sauti kila jioni, sauti mbaya au nzuri, katika maelfu ya nyumba.

Uso bila uhusika

Mwaka 1841 mwimbaji kijana kutoka Sweden aliwasili Paris akiwa na sauti iliyochoka. Alikuwa amefanyishwa kazi nyingi mno Stockholm. Mwalimu aliyemwendea alikuwa Manuel García, yule yule ndugu wa Malibran, naye alimwamuru anyamaze kwa majuma kadhaa kabla ya kukubali kumfundisha. Mwimbaji huyo alikuwa Jenny Lind. García, kwa njia, ndiye aliyeweza mwaka 1854 kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi, kwa vioo vidogo na mwanga wa jua, na taarifa yake ikawasilishwa kwenye Royal Society ya London mwaka 1855. Sauti ya mwanadamu hatimaye ilikuwa imeonekana, nayo ilifanana na mikunjo miwili ya nyama inayofunguka na kufunga.

Lind alipoimba London kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1847, picha zake zilikuwa zimemtangulia. Lakini picha hizo zina hali mpya. Pasta aliuzwa kama Medea, Malibran kama Desdemona. Lind aliuzwa zaidi na zaidi kama Lind. Nywele zimegawanywa katikati na kulazwa, vazi halina madoido, macho yanatazama chini au mbali, mikono imetulia. Hakuna kinubi, hakuna jambia. Anayeonyeshwa ni mwanamke mwema, mcha Mungu, mtoaji wa sadaka. Lind alikuwa mtoaji kweli, wala hapana haja ya kumshuku. La kuzingatia ni kwamba wema ulikuwa umegeuka kuwa uhusika, na uhusika huu haukuwa na pazia la kufunga mwisho wa onyesho.

Mwaka 1849 Lind aliiacha opera kabisa, akabaki na matamasha tu. Mwaka 1850 akaenda Marekani kwa mkataba na P. T. Barnum, mwenye jumba la maajabu la New York, aliyemwahidi dola 1,000 kwa kila tamasha, kwa matamasha 150. Barnum alikiri katika maandishi yake kwamba alipotia sahihi mkataba huo hakuwahi kumsikia Lind akiimba. Hakuhitaji kumsikia. Alichonunua ni sifa, na sifa inahitaji uso. Tamasha la kwanza lilifanyika Castle Garden tarehe 11 Septemba 1850, na karakana ya Nathaniel Currier, bingwa wa chapa ya mawe wa mji huo, ikatoa picha ya tukio hilo. Humo mwimbaji ni kiumbe mdogo mbali jukwaani. Kinachoijaza karatasi ni umati. Kriehuber aliwachora wanne wanaosikiliza. Currier aliwachora maelfu waliolipa.

Ni katika mwaka uliofuata ambapo umbali kati ya uso na sauti ulipimwa kwa namna ya kikatili zaidi. Elizabeth Taylor Greenfield, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Mississippi na kukulia Philadelphia, alianza mwaka 1851 kuimba hadharani aria za opera zile zile zilizoimbwa na Lind. Lind alikuwa ameitwa Ndege wa Sweden kwa wimbo wake mtamu. Greenfield akaitwa Bata Maji Mweusi, jina lililotaja rangi kabla ya kutaja sauti. Magazeti yalieleza ngozi yake, umbo lake na mavazi yake kwa aya nzima kabla ya kuifikia sauti yake, iliyokuwa na upana usio wa kawaida. Alipoimba Metropolitan Hall mjini New York mwezi Machi 1853, watu weusi hawakuruhusiwa kuingia kumsikiliza. Mwaka 1854 aliimba mbele ya Malkia Victoria, ambaye katika ujana wake alikuwa akiwachora waimbaji wa opera katika madaftari yake na kufundishwa kuimba na Luigi Lablache. Lakini kasri la Uingereza halikumfungulia mlango wa jukwaa la opera lolote. Kwa miaka thelathini jiwe lilikuwa limewafundisha wasikilizaji kwamba sauti ya malaika hutoka katika uso wa namna fulani. Greenfield alikutana na somo hilo likiwa limekwisha kukaririwa.

Biashara ya picha za mawe haikudumu baada ya hapo. Mwaka 1854 André Disdéri alisajili Paris haki ya picha ndogo za kamera za ukubwa wa kadi ya kutembelea, na katika mwongo uliofuata waimbaji walianza kukaa mbele ya lenzi badala ya mbele ya Kriehuber, ambaye kazi zake zilipungua. Picha ya kamera ilileta makunyanzi. Kisha mwaka 1877 Edison akaunda fonografu, na malalamiko ya Musset yakaanza kupoteza nguvu, ijapokuwa polepole: Adelina Patti, mwimbaji aliyetawala nusu ya pili ya karne, alirekodiwa mwaka 1905 akiwa na miaka 62. Wasikilizaji waliomjua kwa picha zake za ujana tu walisikia sauti ya bibi kizee mwenye ufundi mkubwa.

Manuel García alifariki mwaka 1906, akiwa amevuka miaka 100. Pauline Viardot, dada yake mdogo na wa Malibran, aliyekuwa mtoto wa miaka 15 wakati wa kile kifo cha Manchester na ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa zama zake, aliishi Paris hadi mwaka 1910. Alikuwa mwanamke ambaye watu wa wakati wake hawakusita kusema kwamba si mzuri wa sura, na waliomchora walilazimika kuamua wafanye nini na ukweli huo. Caruso alikuwa amerekodiwa Milan mwaka 1902, na mashine za santuri ziliuzwa katika mji aliokuwa akiishi. Viardot aliacha nyimbo alizozitunga, barua nyingi, wanafunzi, na picha. Sahani ya santuri yenye sauti yake haipo.